Sengu ya Baiskeli

Nianze na ukweli, usije ukaukuta huko mbele ukasema nilikuficha: baiskeli ya Victor niliitoa mimi. Sikuiba. Niliitoa getini, saa saba mchana, jua likiwaka na kila mwenye macho akiona, na tairi la nyuma nililijaza upepo kwa mikono yangu. Aliyeondoka nayo alinishukuru, akaniombea baraka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema chuoni kwetu ulinzi ni mbovu, mrekebishe. Ulinzi ni mkarimu.

Naitwa Emerensiana Ndunguru, kwetu Mapera. Jina ni refu kiasi kwamba ukianza kuniita nikiwa mbali, nafika kabla hujalimaliza, ndiyo maana wanafunzi wananiita Dada Eme. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikayaangalia, nayo yakaniangalia, tukakubaliana kila mmoja ashike njia yake. Hata hivyo chuo kikuu nimeingia. Niliingia kwa kupitia getini, na mpaka leo niko hapo hapo getini: mlinzi wa Ofisi ya Usalama, katika tawi moja la chuo lililojengwa mlimani, nje kidogo ya mji wa Mbinga.

Mkuu wa ofisi hiyo ni Mzee Mansuetus Kapinga. Ana miaka hamsini na tisa, koti la kijani la tangu enzi za mgambo, na fimbo ya mti wa mbuni aliyoichonga mwenyewe. Alianza kazi hapa chuo kikiwa majengo mawili na mbuzi wa jirani. Mke wake alishatangulia, watoto wako Dar es Salaam na Mbeya, kwa hiyo wanafunzi mia nne wa mabweni amewafanya familia, wapende wasipende. Jioni wasichana wakitoka maktaba anawasindikiza hadi mlangoni huku akiwaeleza namna ya kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia milimani. Hakuna msichana aliyewahi kuzubaa njiani. Wote wanatembea mbio mbio ili hadithi iishe. Ukijifungia nje ya chumba chako, atakuja na funguo za akiba hata kama yuko katikati ya ugali, mkono mmoja ukiwa bado na mchuzi.

Lakini kazi anayoipenda kuliko zote ni baiskeli. Mkazi yeyote wa bweni mwenye baiskeli lazima aiandikishe. Mzee anaipiga namba kwa rangi nyeupe chini ya kiti, anampa mwenyewe kadi ya manjano, kisha anaiingiza kwenye daftari kubwa. Daftari lina safu za kawaida: namba, rangi, jina, chumba. Halafu kuna safu moja aliyoibuni yeye, ameipa jina la Tabia. Namba kumi na mbili, ya Oliva: "Breki ya mbele haisikii." Namba thelathini na moja: "Inalia ikipanda mlima." Namba hamsini na saba, ya Victor Kinunda: "Mpole, ila karia la kubebea mizigo limelegea."

Na sheria ni moja. Baiskeli haitoki getini bila kadi ya manjano na bila kuandikwa kwenye kitabu cha kutoka. "Hata aje askofu," Mzee huniambia. "Unambusu pete, halafu unamwomba kadi."

Sasa, Jumatatu ile ya mwezi wa saba, baridi ya Mbinga ikiwa imekaza mpaka maji ya bombani yanauma meno, nilikuwa zamu peke yangu. Mzee alikuwa amekwenda mjini kununua kufuli. Akaja mwanamume wa makamo, koti zito, kofia ya sufu, buti za mvua zenye udongo mwekundu.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Mtu wa kwetu akikuuliza wewe wa wapi, humjibu kwa neno moja ukaendelea na kazi. Nikamwambia Mapera. Akauliza Mapera ya upande gani. Nikamwambia. Akauliza kwa nani. Nikamtaja baba, akamtaja babu yangu, nikamtaja bibi, akapiga makofi: dada yake ameolewa pale pale, ukitoka kwa bibi yangu unavuka kijito, nyumba ya pili! Tukaingia Kimatengo chote. Tukaulizana nani kafa, nani kaoa, nani kahamia Songea na sasa hasalimii watu. Alijitambulisha kuwa ni Leopold, mtoto wa Mzee Cleopa Kinunda wa Ukata, akanitajia kigango chao na jina la katekista wao. Yaani alijieleza kuliko kitambulisho cha taifa.

"Nimefuata baiskeli ya kijana wetu, Victor," akasema mwishoni. "Ile ya bluu."

"Yuko kwenye mtihani, baba. Ana taarifa?"

"Mwenyewe anajua."

Niambie wewe, ningeanzia wapi kumwomba kadi? Mtu ambaye dada yake anachota maji na bibi yangu? Niliona aibu hata kukitazama kile kitabu. Nikamwonyesha baiskeli, nikaona tairi la nyuma limelala, nikaleta pampu. Akapanda, akashuka nayo mteremko akipiga kengele kama padri wa zamani. Kitabu cha kutoka sikukifungua.

Jumanne asubuhi Victor akaja ofisini anahema.

"Mzee, shikamoo. Baiskeli yangu haipo."

Mzee Mansuetus alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Hujampa rafiki?"

"Kadi ninayo hapa."

"Ndugu je? Hakuna ndugu aliyekuja kuichukua?"

"Ndugu zangu wako Ukata, Mzee, wanachuma kahawa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga hapa chuoni. Hata geti hawalijui."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nafagia. Ufagio ukasimama wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga. Basi yule Leopold wangu ni nani? Nikaanza kuunganisha: yale majina yote mtu anaweza kuyapata parokiani kwa kukaa mlangoni Jumapili mbili tu. Nimeibiwa na mtu aliyeniibia kwa ukoo wangu mwenyewe. Nimempa baiskeli na upepo juu.

Kabla sijapata pumzi, akaingia Bwana Augustino, ofisa utawala. Bwana Augustino si mtu mbaya. Ni mtu wa mafaili tu, hata akipiga chafya unahisi ataiwekea tarehe. Mwezi wa tano zilipotea baiskeli mbili. Moja ilikutwa kwa fundi mjini, mwenyewe aliiacha huko akasahau. Ya pili mpaka leo haijulikani ilipo.

"Mzee Kapinga, hii ni ya tatu," akasema.

"Ya pili na nusu, bosi."

"Ya tatu. Unajua menejimenti walivyosema. Kuna kampuni ya ulinzi iko tayari, inasubiri barua tu. Ijumaa saa nne kuna kikao. Baiskeli ikiwa haijapatikana wala haijulikani ilivyotoka, ofisi hii wanaichukua wao, na wewe tutakushukuru kwa utumishi wako, ukapumzike nyumbani."

"Nipumzike na nani?" Mzee akauliza.

Bwana Augustino akaangalia saa, akatoka.

Nilipaswa kusema pale pale. Najua. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mdomo wangu una njia moja iliyozoeleka, kila kinachotoka kinapita huko huko. Nikajisikia nikisema, "Mzee usijali, ukifukuzwa nitakuandikisha kwenye daftari: Mansuetus, kijani, tabia mpole, ila magoti yamelegea." Akacheka hadi akafuta machozi. "Eme, bila wewe ningeshazeeka," akasema. Nikarudi kwenye ufagio nikiwa nimejichukia kuanzia kwenye unyayo.

Ilikuwa wazi kama mchana. Nikisema, mimi ndiye ninayerudi Mapera kesho, na mama atauliza mbele ya majirani. Nikinyamaza, anaondoka yeye, na nyumbani kwake kuna kiti kimoja tu kinachokaliwa.

Jumatano akaniita. "Kesho saa tisa tunafanya sengu."

"Tunafanya nini?"

"Sengu. Wewe si Mmatengo?"

Najua sengu ni nini, bibi alinihadithia. Zamani ukoo mzima ulikula pamoja kwa babu. Kila nyumba ilileta chakula chake, wanaume wakakaa, wakala, na jambo lolote la ukoo lilizungumzwa hapo hapo, mkono ukiwa kwenye ugali: ugomvi wa mpaka, mtoto mtukutu, mbuzi aliyepotea. Ila sikuwahi kusikia sengu ya baiskeli, tena ya wanafunzi wa chuo kikuu.

"Polisi tumeshawapa taarifa, wafanye yao," Mzee akasema. "Lakini polisi watauliza nani kaiba. Mimi nataka kujua nani anajua kitu. Hayo ni maswali mawili tofauti. Bweni B lote, analokaa Victor, tutakula pamoja uani. Kila chumba kilete sahani moja. Ugali utapika wewe."

"Mimi ni mlinzi, Mzee, siyo mpishi."

"Basi ulinde usiungue."

Alhamisi nikawa nasonga ugali kwenye sufuria la kanisa tuliloazima, nikisaidiwa na Placidi, kiongozi wa Bweni B. Placidi ni wa Ngumbo, kule ziwani, na kama watu wote wa ziwani anaamini kwamba sisi wa milimani tulipanda huku kwa sababu hatujui kuogelea.

"Dada Eme, hebu nieleweshe," akasema, jasho likimtoka kwenye mwiko. "Mtu kaiba baiskeli. Nyie mnampikia?"

"Tunampikia."

"Na mboga?"

"Na mboga."

"Basi mimi nina laptopu ya Izidori, mwenzangu wa chumbani, nikiirudisha nipate nyama?"

"Wewe utapata maharage. Geuza ugali huo, umeushika kama kasia."

Akacheka. Alikuwa ameleta usipa, vile visamaki vya ziwani, mfuko mzima kutoka kwao, vimekaushwa vizuri hadi vinang'aa. Alikuwa ameuficha mfuko huo chini ya kitanda tangu Juni ili asigawe, na sasa ameutoa wote. Nikamwuliza kwa nini. "Mzee alinifungulia mlango mara sita muhula huu," akasema. "Mara ya sita alikuja na homa." Halafu akaona amekuwa mpole mno, akaongeza, "Na vilikuwa vimeanza kunuka."

Saa tisa wakakaa wote uani, wanafunzi kama sitini, masweta na mablanketi mabegani, kwenye jua lile la Julai linalotoa mwanga bila joto. Sahani zikawekwa katikati kwa makundi. Mzee Mansuetus akavua kofia, akasali kifupi, akasema: "Hapa hatumtafuti mwizi. Tunakula. Kila mtu anaongea, wadogo kwanza. Mwenye lolote linalomkera bwenini aliseme, na mwenye lolote analolijua aliseme. Hatuinuki mpaka ugali uishe. Na Eme amesonga mwingi."

Mwanzoni wakaoneana haya. Halafu mwaka wa kwanza mmoja akalalamika kwamba kuna mtu anaoga kwa ndoo yake. Hapo mlango ukafunguka. Mwingine akasema chumba cha nane wanatumia jiko la umeme na ndiyo maana umeme unakatika kila saa moja jioni. Chumba cha nane wakasema ndiyo, ila chumba cha tisa ndio wanaopiga pasi. Ndala zikatajwa. Mtu anayekoroma akatajwa kwa jina, naye akasimama kujitetea kwamba ni mafua. Mwingine akatoa chaja mfukoni, akairusha mbele ya mwenzake bila neno, na mwenzake akaipokea bila neno, wakaendelea kula sahani moja. Mzee alikuwa akitikisa kichwa tu na kusema, "Hilo tumelisikia. Mwingine." Nikaanza kuona anachofanya. Watu waliokuwa wanapishana kwenye korido kama magari sasa walikuwa wanapigania kipande kimoja cha usipa.

Ila la baiskeli hakuna aliyekuwa nalo. Zamu ikawazunguka wote. Victor mwenyewe akasema hamtuhumu mtu, anaomba tu mwenye kuiona amwambie. Ugali ukabaki ukoko.

Mzee akanawa mikono. Akaangalia fimbo yake.

"Basi," akasema. "Mimi kesho saa nne nakabidhi funguo kwa Bwana Augustino. Msinisikitikie, sina kinyongo na mtu. Hao watakaokuja watakuwa vijana, watakuwa na redio za mkononi, mtakuwa salama. Ila mkiwa mnatoka maktaba, tembeeni wawili wawili. Nilitaka tu nile na nyinyi kabla."

Hakuna aliyecheka. Hata Placidi aliinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sufuria. Miguu ikasogea yenyewe.

"Mzee, baiskeli niliitoa mimi."

Kicheko kilicholipuka uani pale kilifukuza kunguru juu ya paa. Watu sitini! Placidi akajipiga mapaja. "Dada Eme, nakuvulia kofia!" Mmoja akalia kabisa kwa kucheka, maana walikuwa na huzuni na walitafuta pa kuitolea. Mzee naye akatabasamu, ila kwa uchovu.

"Eme, binti yangu. Leo hapana."

"Ni kweli, Mzee."

"Ndiyo, uliitoa, ukaila na maharage," mtu akadakia nyuma, kicheko kikaanza upya.

Hiyo ndiyo faida ya kuwa mtu wa mizaha miaka miwili mfululizo. Siku unayotaka kukiri, hukubaliwi. Nikapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, mara tatu, kwa nguvu. Wakanyamaza.

"Jumatatu saa saba," nikasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, nadhani hiyo ndiyo iliyowanyamazisha kuliko mfuniko. "Alikuja mtu mzima, koti zito, kofia ya sufu. Akanisalimia Kimatengo. Akaniambia ni ndugu wa Victor. Sikumwomba kadi. Sikuandika kitabu. Dada yake ameolewa jirani na bibi yangu, au alinidanganya, sijui, nilisikia aibu kumwuliza. Nikamjazia tairi upepo. Siku tatu nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza jiwe. Mzee hana kosa lolote. Mniandike mimi."

Mzee Mansuetus hakutabasamu tena. "Alisema anaitwa nani?"

"Leopold. Mtoto wa Mzee Cleopa Kinunda, wa Ukata. Ana kovu hapa, juu ya jicho, na anaongea kama anagomba hata akikubariki."

Victor alikuwa na tonge la ukoko mkononi. Likaanguka.

"Mama yangu," akasema. "Huyo ni baba mdogo."

"Si ulisema hakuna ndugu anayelijua geti?"

"Halijui! Hajawahi kuja!"

"Basi sasa analijua," Placidi akasema.

Victor akatoa simu. Baba mdogo hapatikani, Ukata mtandao unapatikana ukipanda jiwe fulani. Akampigia mama yake. Watu wakapiga kelele, weka spika, weka spika, na Victor kwa wenge lake akaweka. Sauti ya mama ikatujia ikiwa na upepo wa shambani.

"Victor? Kuna nini, mbona mchana?"

"Mama, shikamoo. Baiskeli... baba mdogo aliichukua?"

"Marahaba. Si mlikubaliana Pasaka? Baba yako mdogo alikuambia, kahawa ikiiva baiskeli inarudi, tubebee magunia kwenda mashineni. Ukasema ndiyo, baba. Mimi nilikuwepo, ulikuwa unakula kuku."

"Nilisahau, mama."

"Kuku hukumsahau. Na hapo chuoni ulikuwa unaiendesha kwenda wapi, si umeniambia bweni na darasa vinatazamana?"

Bweni B lote likalala chini kwa kicheko. Victor akafunika uso kwa sweta. Mama kule akashtuka. "Hao ni kina nani? Victor, uko na watu?"

Mzee Mansuetus akaichukua simu taratibu. "Mama Victor, habari za kazi. Mimi ni mlinzi wa hapa chuoni. Tulikuwa tunakula na kijana wako. Tunamsifu tu." Akaaga, akamrudishia Victor simu yake. Halafu akanitazama mimi, akaanza kukusanya sahani.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ofisini anaandika ripoti kwa Bwana Augustino. Mwandiko wake ni wa shule ya misheni, kila herufi imesimama wima kama inaogopa kiboko. Nikasoma juu ya bega lake: "Mlinzi wa zamu alipitiwa."

"Mlinzi wa zamu ana jina," nikasema.

"Jina lako refu, litajaza ukurasa."

"Mzee, liandike."

Akashika kalamu muda mrefu. Akaliandika. Lote, hadi Ndunguru.

Saa nne tukaingia wote wawili. Bwana Augustino akaisoma ripoti mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo haikuibwa."

"Haikuibwa, bosi," Mzee akasema.

"Iko Ukata inabeba kahawa."

"Karia limelegea, lakini inajitahidi."

"Ila ilitoka bila kadi wala kuandikwa." Akanigeukia. "Na aliyeitoa ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ukaijaza upepo."

"Ulikuwa umepungua, bosi."

Bwana Augustino akageuka dirishani. Mabega yalitikisika kidogo, kisha yakatulia. Alipogeuka tena alikuwa na uso wa faili. Akaingia kikaoni, sisi tukasubiri kwenye benchi nje, na sijawahi kuona dakika arobaini zikiwa na miguu mizito namna ile. Mimi sikuongea, jambo ambalo lilimfanya katibu muhtasi atoke mara mbili kuangalia kama niko salama.

Uamuzi ukatoka. Barua ya kampuni haitatumwa. Baiskeli imejulikana ilipo na ilivyotoka, na kilichowashangaza wakubwa ni kwamba wanafunzi sitini wa Bweni B walikuwa wamepeleka karatasi asubuhi ile, imesainiwa hadi na wale wa chumba cha nane wenye jiko la umeme, wakiomba Mzee Kapinga aendelee. Mzee anabaki. Mimi napewa barua ya onyo, na kwa mwezi mmoja naondolewa getini, nitakuwa wa doria ya kuzunguka mabweni. Na mkuu wa ofisi ndiye atakayenikabidhi barua hiyo na kuhakikisha nimeielewa.

Akanikabidhi mchana, ofisini, mlango umefungwa. Alinisomea yote kwa sauti, kama ilivyoagizwa, hadi kumbukumbu namba. Nikasaini. Akaikunja nakala yake, akaiweka kwenye droo.

"Getini pale," akasema, "angekuja kwangu yule Leopold, na mimi ningempa. Ningempa na mwavuli. Hilo usilie nalo."

"Silii."

"Unalia. Kilichoniuma siyo baiskeli. Ulikaa na mimi siku tatu, tukanywa chai pamoja, ukaniona naanza kukusanya vitu vyangu. Ukaniacha."

Nikatafuta mzaha. Nilitafuta kila mahali, hata wa zamani, hata ule wa magoti. Haukuwepo.

"Nisamehe, baba," nikasema. Siku zote nilikuwa namwita Mzee, kama kila mtu.

Akavaa kofia yake, akachukua fimbo. Alisimama mlangoni kidogo akiwa amenipa mgongo, akiangalia wanafunzi wanaotoka mtihanini, wengine wakimpungia mkono, mmoja akipiga kengele ya baiskeli makusudi ili amsikie.

"Inuka basi," akasema. "Doria haiendi yenyewe. Tuanzie Bweni B, nikuonyeshe dirisha lisilofunga."